Juu ya Mabinti Wanaorudi Shuleni

Mara nyingi tumeulizwa njiani, na mara nyingine hata mlangoni mwa kanisa, kwamba sisi walimu twaonaje amri ya Serikali ya kuwarudisha shuleni mabinti waliokwisha kuzaa. Wanaotuuliza si watu wabaya. Ni wazazi na wazee wa kanisa, nao wana binti zao nyumbani, na hofu yao ni ya kweli. Sisi hujibu kwa maneno machache, maana njia si mahali pa kusema mengi, tena katika nchi hii yetu ya Tukuyu mvua haimngoji mtu amalize hoja yake. Basi leo twapenda kujibu kwa maandishi, ijapokuwa twajua ya kuwa wako kati yenu ambao jibu letu halitawapendeza.

Kwanza yafaa tueleze habari yenyewe ilivyo, kwa kuwa wengi wameisikia nusunusu. Mwaka 2002 Serikali ilitoa kanuni za kuwafukuza wanafunzi shuleni. Kanuni zile zilisema kwamba mwanafunzi aweza kufukuzwa akitenda kosa juu ya maadili, au akifunga ndoa. Neno mimba halikuwamo. Walakini wakuu wa shule, na sisi walimu tulio chini yao, tuliyasoma maneno yale kana kwamba mimba imeandikwa pale waziwazi, tena mimba ya msichana tu, kama kwamba mvulana hana maadili ya kukosea. Hata mwezi wa Juni mwaka 2017 Rais John Pombe Magufuli alisema hadharani, huko Mkoa wa Pwani, ya kuwa katika utawala wake hapana binti aliyezaa atakayerudi katika shule ya Serikali. Baada ya maneno yale hapana mkuu wa shule aliyethubutu kufikiri vingine.

Ndipo tarehe 24 Novemba 2021, katika utawala wa Rais Samia Suluhu Hassan, Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, alipotangaza kwamba wataruhusiwa kurudi. Ukatoka Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka ule. Waraka huo hauwahusu mabinti wenye watoto peke yao, bali wanafunzi wote waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, hata mvulana aliyekwenda kuchunga au kupakia ndizi. Lakini watu wameshika neno moja tu, na neno hilo ndilo tunaloulizwa njiani. Benki ya Dunia ilisema wakati ule ya kuwa wasichana zaidi ya 120,000 huacha shule kila mwaka katika Tanzania, na kati yao 6,500 ni kwa sababu ya mimba au ya kuwa na mtoto. Tena jambo hili si geni kwa jirani zetu: Kenya walikuwa na utaratibu wa namna hiyo tangu mwaka 1994, na Zanzibar nao waliwatangulia watu wa Bara.

Sasa tuseme yetu. Twaona haya kuyasema, lakini mtu atoaye maoni juu ya mambo ya Serikali asionyeshe mkono wake mwenyewe ulifanya nini, maoni yake ni mepesi.

Mwaka 2013 tulikuwa tukishika Kidato cha Pili katika shule moja ya sekondari, wala si lazima kuitaja. Palikuwa na desturi kwamba kila baada ya likizo aletwe mhudumu wa zahanati, na wasichana wote wapangwe mstari nyuma ya vyoo, kila mmoja na kikopo chake cha plastiki. Wavulana walikuwa uwanjani wakicheza mpira. Sisi tulisimama kando na orodha ya majina, tukiweka alama. Mwezi wa Aprili wa mwaka ule, msichana aliyekuwa wa kwanza katika Hisabati alionekana ana mimba. Umri wake ulikuwa miaka kumi na sita. Hatukumwuliza neno lo lote. Mkubwa wetu alituagiza tuandike barua, nasi tukaiandika siku ile ile, kwa mwandiko mzuri, maana tulikuwa tukijivunia mwandiko wetu. Kisha tukachukua kalamu nyekundu tukapiga mstari katika daftari la mahudhurio, kutoka jina lake mpaka mwisho wa ukurasa, na pembeni tukaandika: utovu wa maadili.

Mama yake alifika kesho yake, miguu ina matope, amejitanda khanga mbili kwa ajili ya mvua. Hakulia wala hakututukana. Aliisoma barua polepole, maana alikuwa amesoma mpaka darasa la saba, akaikunja, akauliza neno moja tu: “Mwalimu, na yule kijana naye ameandikiwa?”

Kijana yule alikuwa Kidato cha Nne katika shule ile ile. Hakuandikiwa. Mwezi wa Novemba alifanya mtihani wake, akapata cheti chake. Nasi tulimjibu yule mama kwamba habari za kijana zinashughulikiwa, na maneno yale hayakuwa kweli.

Basi watu husema: mkiwarudisha hawa, wasichana wote watazaa. Sisi tumekaa na wasichana madarasani miaka mingi. Hatujaona hata mmoja aliyepata mimba kwa kuwa alifanya hesabu kwamba atarudi shuleni, wala aliyeepukana nayo kwa kuwa alikumbuka kanuni za mwaka 2002. Hupata mimba kwa sababu shule ni mbali na mwenye bodaboda humpakia bure. Hupata mimba kwa sababu wazazi wamempangia chumba peke yake karibu na shule, akiwa mtoto wa miaka kumi na minne, hana mtu wa kumwuliza amelala saa ngapi. Au mtu mzima mwenye heshima zake amempa fedha za daftari. Mara nyingine, na hili twalisema kwa uchungu, ni kwa sababu ya mwalimu.

Wala hatusemi kwa kuona kwa macho yetu tu. Uchunguzi wa taifa wa afya wa mwaka 2010 ulikuta ya kuwa katika kila wasichana mia wenye umri wa miaka 15 mpaka 19, wasichana 23 walikuwa wamekwisha kuzaa au wana mimba. Uchunguzi wa mwaka 2015 na 2016 ulikuta 27. Si wote waliokuwa wanafunzi, walakini tazameni: hesabu ilipanda wakati kanuni zingali kali. Mwaka 2022 ilikuwa 22. Hatudai kwamba waraka ndio ulioipunguza, kwa kuwa ulikuwa mchanga bado. Twauliza tu, ile hofu iliyosifiwa sana ilimzuia nani?

Kilichofanywa na kanuni zile ni kuficha. Msichana alijifunga tumbo kwa kitenge mpaka mwezi wa sita. Mwingine alipanda basi la kwenda Mbeya au Dar es Salaam akawe mtumishi wa nyumbani, asionekane tena. Mwingine alitafuta dawa za miti kwa watu wasiojulikana. Tunajua kaburi moja katika kijiji tulichofundisha, ambalo sababu yake haikutajwa siku ya mazishi, na sisi walimu tulisimama pale tukaimba pamoja na wengine.

Wako pia wanaosema kwamba waraka huu umeletwa na fedha za wageni. Neno hili si la kudharauliwa. Mwaka 2020 Benki ya Dunia ilikubali kuikopesha nchi yetu dola milioni 500 kwa ajili ya shule za sekondari, na kabla ya mkopo ule kukubaliwa palikuwa na mabishano makubwa juu ya mabinti hawa hawa. Yawezekana fedha zilisukuma. Lakini yule mama wa mwaka 2013 hakutumwa na Benki yo yote alipotuuliza habari za kijana. Alitoka nyumbani kwake, akapita katikati ya migomba yake, akaja na swali lake mwenyewe.

Tena sisi Wakristo twajishangaza wenyewe. Binti akizaa nje ya ndoa, kanisa humtenga na Meza ya Bwana kwa muda. Hufundishwa, hutubu, kisha siku yake husimama mbele ya usharika, mchungaji humpokea, na wazee humpa mkono mmoja mmoja. Hapana asemaye kwamba kumpokea kutawafanya waumini wote watende dhambi. Walakini mzee yule yule aliyempa mkono Jumapili atasema Jumatatu, katika kikao cha shule, kwamba darasani asionekane. Tulipomwuliza mzee mmoja habari hiyo, mtu mwema tunayemwita Tata kwa heshima, alinyamaza kitambo, akasema, “Kanisani hamna mtihani, Mwalimu.” Hata leo hatujaelewa vema alikuwa na maana gani, ila labda aliona shule ni zawadi ya wale wasiokosea, na nafasi zake ni chache. Kama ndiyo maana yake, basi twamwelewa. Babu zetu walisihiwa na wamisheni wapeleke binti shuleni, nao wakasita kwa sababu ya ng'ombe wa mahari. Siku hizi watu hugombea nafasi.

Yako mambo mawili ambayo hatukubaliani na Serikali, au tuseme twaona kazi haijamalizika.

La kwanza ni habari ya adhabu. Mwaka 2016 Bunge liliongeza katika Sheria ya Elimu kwamba mtu ampaye mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au ya sekondari atafungwa miaka thelathini. Kwa mtu mzima anayewawinda watoto, adhabu hiyo hatuioni kubwa. Lakini tumeona namna inavyotembea vijijini. Zamani katika Unyakyusa aliyemharibu binti wa mtu alitoa ng'ombe, na maneno yalisemwa wazi mbele ya watu. Siku hizi ng'ombe hutolewa gizani ili maneno yasisemwe kabisa. Jamaa wa pande mbili hukaa usiku, fedha huhesabiwa, na asubuhi binti hufundishwa aseme kwamba mtu yule hamjui, alikuwa msafiri tu, dereva wa lori la ndizi aliyepita kwenda Dar es Salaam. Polisi huandika hivyo. Madereva wa malori wana dhambi zao, lakini si nyingi kama zilizoandikwa katika vitabu vile. Na ikiwa aliyempa mimba ni mwanafunzi mwenziwe wa miaka kumi na saba, hapana mzazi wala mwalimu anayetaka kumpeleka mtoto gerezani hata awe mzee. Kwa hiyo wote hunyamaza, na kijana hajifunzi kuleta hata kopo moja la uji kwa mtoto wake. Sisi twaona wenye kutunga sheria wangetofautisha mtu mzima na kijana wa shule, ili kijana aweze kutajwa, akemewe, na kubebeshwa sehemu yake ya mzigo pasipo kuangamizwa.

La pili ni hali ya binti mwenyewe akiisha kurudi. Mwaka 2022 tulikuwa tumehamia shule nyingine. Mwezi wa Julai alikuja binti mmoja na bibi yake, akapokelewa Kidato cha Pili bila shida yo yote. Mkuu wa shule aliusoma waraka, akamwandika. Tulifurahi siku ile. Lakini darasani wavulana walimwita kwa jina la mtoto wake, Mama Fulani, na tukasikia mwalimu mmoja akimwita hivyo hivyo chumbani kwa walimu, watu wakacheka. Saa nne, wakati wa mapumziko, blauzi yake ilikuwa imelowa maziwa, naye alikaa na sweta hata jua lilipowaka. Kwao ilikuwa mwendo wa saa nzima kupanda kilima. Mwanzoni alikwenda nyumbani mchana kunyonyesha, akarudi masomo ya alasiri yakiwa yamekwisha. Halafu bibi akaugua. Mwezi wa Septemba hatukumwona tena. Hapana aliyemfukuza. Daftarini hapana mstari mwekundu, ila safu ya alama za kutokuwapo, moja baada ya moja, na mtu akitazama upesi aweza kudhani ameacha mwenyewe kwa uvivu.

Tulipeleka habari hiyo katika mkutano wa wazazi. Tulisema ya kuwa watu wa kijiji kile walikuwa wamejenga vyumba vya madarasa kwa kubeba mawe na mchanga vichwani, basi chumba kimoja kidogo karibu na shule, chenye mkeka na jiko la uji, hakiwezi kuwashinda. Bibi angekaa pale na mtoto, na binti angenyonyesha saa nne na saa saba bila kupanda kilima. Mwenyekiti alicheka kwa adabu, akasema twataka kugeuza shule kuwa kliniki. Akina mama kadhaa walitikisa vichwa, lakini hawakusema, na kikao kikaendelea na habari za madawati. Halmashauri nayo, tulipoiandikia, ilijibu kwamba wazo ni jema ila fungu halimo katika bajeti. Hatuwalaumu sana. Ila twaona ajabu kwamba mtu aweza kufungua mlango kwa waraka mmoja, kisha asitenge hata shilingi moja kwa ajili ya yule anayeingia.

Na waraka wenyewe ni waraka. Waziri mmoja ameutia sahihi, na waziri mwingine aweza kuubatili kwa karatasi nyingine. Sisi tulioishi chini ya tamko la mwaka 2017 na la mwaka 2021 tumejionea jinsi neno la mkubwa mmoja linavyoweza kufunga na kufungua. Mabinti hawapaswi kungojea tabia ya mkubwa ajaye. Wabunge wetu wa Rungwe na Busokelo hutujia mara kwa mara na kutuuliza shida zetu, nasi huwatajia barabara, maji na bei ya majani ya chai. Ni vizuri. Lakini hatujasikia katika mkutano hata mmoja mtu akiinua mkono na kuuliza kwamba haki ya binti kurudi shuleni imekaa wapi katika sheria yenyewe, kwa maneno ambayo mwalimu hawezi kuyasoma vingine kama tulivyoyasoma yale ya mwaka 2002. Sisi wenyewe pia hatujauliza. Tutauliza.

Yule msichana wa mwaka 2013 tulikutana naye mwezi wa Machi mwaka 2022 penye banda la kupimia majani ya chai. Alikuwa na kikapu mgongoni, nywele zimelowa ukungu. “Shikamoo, Mwalimu,” akasema, kwa sauti ile ile ya darasani. Tukaitikia, tukamwuliza habari za mtoto, akatuambia yuko darasa la tatu. Kisha akauliza: “Nimesikia redioni wanarudishwa. Na sisi wa zamani je?”

Tulimweleza ya kuwa kwa mtu wa umri wake darasa la mchana ni gumu, lakini hakufungiwa. Mtu aliyekatizwa kabla ya mtihani wa Kidato cha Pili aweza kufanya Mtihani wa Maarifa wa Baraza la Mitihani, na akifaulu, aweza kufanya mtihani wa Kidato cha Nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Tulimweleza na habari za Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, na za Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilivyoanzishwa tangu mwaka 1975. Njia hizo zilikuwapo miaka yote tisa, wala hapana mwalimu aliyepanda kilima kwenda kumwambia. Tulitaka kumwomba msamaha pale pale, lakini karani alikuwa akiita majina na watu walikuwa wengi. Tulimwomba baadaye, nyumbani kwake, mama yake akiwapo. Mama hakujibu. Binti alisema jambo hilo aliliacha zamani, ila angependa tumkumbushe hesabu za kipeo cha pili, maana ndipo darasa lilipokuwa limefika siku alipoondoka.

Mtihani wa Maarifa aliufanya mwaka 2023 akafaulu. Tangu hapo huja kwetu Jumamosi alasiri akiisha kupeleka maziwa, akaketi mezani na daftari lake, na mtoto wake barazani na la kwake. Kiingereza humsumbua. Hisabati hatuna haja ya kumweleza mara mbili.